Shangazi na Jitu la Langoni

Shangazi alikuwa amepiga pasi kila kitu kinachopigika pasi ndani ya nyumba, mpaka vitambaa vya kufutia vyombo, na hasira bado haijamtoka. Ndipo akaiwasha mashine ya gemu.

Haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanawe, aliyepata kazi mbali akaiacha juu ya meza ya runinga, imefunikwa kitambaa. Shangazi mwenyewe ni dobi wa hoteli, ujana wake wote umeishia kwenye mashuka ya wageni, na zamani akimkuta kijana wake anacheza alikuwa anapita zake jikoni huku anasonya. Lakini Jumamosi ile alihitaji kitu cha kupiga. Hasira hasara, wanasema. Waliosema hawakuwa na mdogo wa kiume kama wake.

Huyo mdogo wake, dereva wa lori, alikuwa amempigia simu asubuhi kumwambia kwamba alasiri atapita kumchukua binti yake, amrudishe kwa mumewe.

Na binti alikuwa pale pale kwenye kochi, miguu ameikunja, anautazama ukuta. Huyu ni fundi cherehani, na fundi kweli kweli, si wa kubahatisha. Mumewe, muuza vioo, alimzaba kibao mbele ya wateja, kosa lake ni kumpima mwanamume kiuno cha suruali. Sasa fundi asimpime mteja, akadirie kwa macho? Siku hiyo hiyo binti akatoka na ndara miguuni na mkoba mmoja, cherehani akaiacha na kitambaa cha mteja kikiwa bado chini ya sindano. Tangu afike kwa shangazi yake, maneno yalikuwa yamemkauka. Ukimuuliza kama atakunywa chai, anaitikia kwa kichwa.

"Nimemuuliza kama anataka kurudi, kanyamaza," baba mtu alisema kwenye simu. "Na kunyamaza ni kukubali, dada. Akitamka kwa kinywa chake kwamba hataki, mimi simlazimishi. Lakini atamke."

Shangazi alimpa maneno yasiyofaa kurudiwa mbele ya watu, akakata simu. Lakini moyoni alijua wazi. Lori likifika, binti atainuka, atachukua mkoba wake na kupanda kimya kimya. Na mtu mzima humsemei. Hilo ndilo lililokuwa linamchoma.

Basi gemu ikaanza. Kinanda cha kanisani kikalia, mvua ikamwagika, ikatokea ngome nyeusi juu ya mlima, popo wanazunguka minara na dirishani hakuna hata taa moja. Shangazi akauliza kama wenye ngome hiyo wamekosa fundi umeme.

Akaambiwa achague atakuwa nani. Kulikuwa na mwana wa mfalme mwenye upanga wa fedha. Akamkataa, ana sura ya mtu anayesubiri kupakuliwa chakula. Kulikuwa na mchawi. Naye akamkataa, mambo hayo hayataki nyumbani kwake. Wa mwisho alikuwa fukara, amejifunga tambara kiunoni, mkononi gongo tu. Chini yake kulikuwa na onyo: anayeanza asimchague huyu. Shangazi akauliza nani kawaomba ushauri, akamchagua. Akampaka mvi, akampa mdomo mpana na jicho la mtu asiyetaka mchezo, na akamtazama akaridhika.

Kazi ikawa vitufe. Kimoja cha kupiga, kimoja cha kuviringika chini, kimoja cha kuinama na kuokota, kimoja cha kunywa dawa. Kila alipotaka kupiga alikunywa dawa. Mifupa inayotembea ilipomjia, yeye alikuwa amemaliza chupa yote bila kuumwa hata na mbu. Lakini dobi haogopi kazi ya kurudia, na baada ya muda mifupa ikaanza kuanguka. Kila ukiangusha mmoja unapata cheche za moto, na cheche hizo ndizo unazonunulia nguvu ukifika kwenye taa ya njiani. Ukifa, unaamka tena kwenye taa, lakini cheche zako zinabaki zinang'aa pale pale ulipoangukia. Uzirudie mwenyewe. Ukifa tena njiani kabla hujazishika, zimepotea.

Akafika kwenye lango la makaburi. Hapo palisimama jitu la deraya ya chuma, refu kuliko ukuta, na rungu pana kama mlango. Likamgonga mara moja tu, na habari yake ikaishia hapo.

Shangazi akaamka kwenye taa, akarudi mbio. Cheche zake zilikuwa zinang'aa hatua chache kutoka kwenye miguu ya lile jitu. Ilikuwa ni kuinama tu aokote. Yeye akazipita, akaenda kulitandika jitu kwa gongo. Akafa, za kwanza zikapotea, zikabaki alizokusanya njiani. Akakusanya nyingine, akarudi, akazipita tena, akafa tena. Katika maisha yake hajapigwa na mtu akamwacha hivi hivi, na hakuona sababu ya kuanza leo, tena kwa bati linalotembea. Alilitukana jitu, akamtukana na aliyelichomelea.

Hakuona kwamba kwenye kochi miguu ilikuwa imeshushwa chini.

"Shangazi."

Sauti ilikuwa imekwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Shangazi hakugeuka. Alihofia akigeuka tu, sauti ile itarudi ilikotoka.

"Kwa nini unapigana naye?"

"Si amenipiga?"

"Hukumfuata yeye," binti akasema. "Umefuata vitu vyako. Chukua chako utoke."

Shangazi akauliza apite wapi. Binti akateleza kutoka kwenye kochi, akakaa sakafuni kando yake. Akamwambia apite kushoto, jitu likiinua rungu aviringike, na asilitazame usoni. Shangazi akapita kushoto. Rungu likapanda, akaviringika. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akainama, akazoa cheche zake zote, akatimua mbio, gongo mkononi na tambara linapepea. Jitu likabaki kule nyuma linaponda mawe. Binti akacheka. Kicheko kilikuwa kidogo na kibovu, lakini kilikuwa kicheko, na Shangazi ilibidi ajifanye ana kitu jichoni.

Binti akaitazama mikono yake. "Cherehani yangu iko kule," akasema.

"Najua, mwanangu."

Honi ya lori ikalia nje.

Baba mtu akaingia, akaamkiwa, akaitikia, wala hakukaa. Akasema tu binti achukue mkoba, mumewe anasubiri. Shangazi akasimama mlangoni na kishikio cha gemu mkononi, waya unaburuzika nyuma yake, akamwambia mdogo wake kwamba hapo hatoki mtu. Naye akamkumbusha maneno ya asubuhi: atamke mwenyewe.

Binti akainuka, akavaa ndara zake.

"Umeona?" baba mtu akasema. "Mtoto ana akili."

"Naenda, baba," binti akasema. "Naenda kuchukua cherehani yangu na kitambaa cha mteja. Utanisaidia kuibeba, ni nzito. Halafu utanirudisha hapa."

Dereva akamtazama dada yake, akamtazama binti yake. Akauliza mume aambiwe nini.

"Usimwambie kitu. Mimi simtaki, na kule simfuati yeye."

"Katamka," Shangazi akasema.

Baba mtu alisimama akazungusha funguo za lori kidoleni. Lakini alichosema asubuhi alikuwa amekisema, naye si mtu wa kulamba matapishi yake. Akatoka kwanza, binti nyuma yake. Mkoba ulibaki pale pale kando ya kochi.

Ndani ya nyumba kulikuwa na meza moja tu isiyotikisika, na juu yake ilikaa runinga. Shangazi akaishusha sakafuni, runinga na mashine yake, akaifuta meza, akaisukuma mpaka dirishani kwenye mwanga. Halafu akakaa chini, akanyoosha miguu. Cheche zake akazimaliza kwenye taa kununua nguvu. Hakuwa na cha kupoteza, basi akalirudia lile jitu.

Alikuwa amelitia nyufa mbili kwenye deraya lori liliporudi. Akasikia bodi la nyuma linafunguliwa, kisha sauti ya binti, kubwa, inayotoa amri kama fundi kwa wanafunzi wake.

"Shika huku chini, baba. Polepole. Usiigonge mlangoni."

Rungu likamshukia Shangazi kichwani, na yeye wala hakutazama. Alikuwa ameshainuka kwenda kuwafungulia mlango.