Kijani Mahali pa Bluu

Guta langu la magurudumu matatu lilitetemeka pale pale lilipokuwa, likagoma kama mbuzi anayevutwa asikotaka, kisha likazima. Nikavuta tena mkono wa mafuta, japo mafuta hayamo. Likaruka mbele kidogo, likarudi nyuma, likazima. Wakulima wa kahawa wa Isansa walikuwa wamesimama mbele yangu, watu kama arobaini, na mmoja wao nyuma akasema bila hata kushusha sauti, "Si niliwaambia?"

Jamani, aibu ina joto. Niliisikia ikipanda kutoka magotini.

Asubuhi ile ile, tulipolishusha kwenye lori la Kenta lililotuleta kutoka Tunduma, nililizungusha mwenyewe uwanjani mara mbili na likaenda kimya, safi kabisa. Ndipo Mama Marta, mwenyekiti wa kikundi, akaniita chai. Mume wangu Twaibu akasema, "Nenda, mama Aziz. Mimi nalifuta vumbi." Nikaenda. Kwa nini nisiende?

Kikundi kilitaka maguta sita ya umeme ya kubebea kahawa kabla ya msimu, na kilikuwa kinatafuta fundi mmoja wa kuyaunda. Fundi huyo nilitaka niwe mimi. Pale Tunduma nilikuwa natengeneza redio na simu ubavuni mwa kibanda cha Twaibu, yeye akisuka upya waya za mota na dainamo za malori, na kila mteja aliyekuja kwangu alimsalimia yeye kwanza. Mota ya guta alisuka yeye, simnyimi haki yake. Lakini kontrola, ubongo wenyewe, niliiunda mimi kwa miezi saba.

Mota ya namna ile ni kipofu. Ndani yake unaweka sensa tatu ndogo, hazizidi punje ya mahindi, zinazohisi sumaku ikipita na kuiambia kontrola isukume wapi. Nilivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, mara nne kwa ajili ya sensa tu. Muuzaji wa skuta zilizokufa alinicheka: "Bamayo, mama yangu, hizi zote ni moja, chukua uende." Zote moja wapi! Nyumbani nilizipanga juu ya mfuniko wa sufuria ya maharage inayotokota, nikapitisha sumaku ya spika juu ya kila moja nikisoma kipimo. Mota ikipanda mlima na mzigo hupata moto, na sensa inayosema kweli kwenye baridi inaweza kudanganya kwenye joto. Kati ya sensa kumi na tisa nilibaki na tano. Twaibu alikula maharage yaliyoungua siku ile, akacheka, akawaambia majirani kwamba mkewe anapika vyuma.

Nilizifunga waya zake mbali na waya nene za betri ili zisichanganyiwe habari: njano, kijani, bluu. Mpangilio wake nilimwonyesha Twaibu. Nilimwonyesha kila kitu. Mume utamficha nini?

Basi pale uwanjani nikafungua boksi la kontrola. Kulikuwa na sensa nyingine, ile ya kupima umeme unaoingia kwenye mota, na ndiyo iliyokuwa inakata kila nikivuta ili kontrola isiungue. Maskini, yenyewe ilikuwa inafanya kazi yake. Nikajua kosa liko kwenye zile tatu. Waya tatu zinaweza kukaa kwa namna sita, na ukiwa hujui ipi imehama, unainua gurudumu, unazungusha polepole, unapima moja moja. Nikanyoosha mkono kuchukua mita ya kupimia umeme.

"Hebu pisha, mama Aziz," Twaibu akasema, kwa sauti ya watu wote.

Akatoa sindano mfukoni mwa shati. Hakuinua gurudumu wala hakugusa mita. Aliinama kwenye plagi, akachomoa kijani, akachomoa bluu, akazibadilisha. Njano hakuitazama hata. Ni muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu.

"Vuta sasa."

Nikavuta. Guta likaenda. Wanawake wakapiga vigelegele, na Zebedayo, katibu wa kikundi, akapakia magunia matatu akaomba alipeleke mwenyewe mpaka mtambo wa kumenyea kahawa. Watu walimzunguka Twaibu wakimpa mikono, na kazi ya maguta sita ikawa yake. Mimi nimesimama na mita yangu. Pini za plagi ile zina ulimi wa chuma unaozishika, hazihami kwa mtikisiko wa barabara. Mpaka mtu azichokoe kwa kitu chembamba, na mtu anayezirudisha bila kupima ni yule anayejua zilivyotoka. Wahenga walishasema juu ya kikulacho, sina haja ya kurudia.

Mama Marta akanishika bega. "Una bahati, mwanangu. Mume fundi vile, na bado ana subira ya kukufundisha."

"Asante, mama," nikasema.

Miaka mitatu imepita na jibu hilo bado linaniuma kuliko lile guta kuzima. Ningeweza kusema. Lakini useme nini, umvue nguo baba wa mtoto wako mbele ya watu arobaini, halafu wakuulize ushahidi uko wapi? Ushahidi ni kwamba hakukosea.

Njiani kurudi Tunduma, dereva wa Kenta alisimamisha gari akashuka kula. Tukabaki mimi na Twaibu, tumeketi kwenye magunia matupu nyuma ya gari.

"Ulizigusa saa ngapi?"

Hakujisumbua kukana. "Mlipokuwa mnakunywa chai."

"Kwa nini, baba Aziz?"

"Wale wangekupa wewe kazi? Wangesema mwanamke kaliunganisha, litawafia mlimani. Sasa wamenipa mimi, na mimi na wewe si kitu kimoja? Ungenishukuru."

"Aliyetuita ni mwanamke, Twaibu."

Sikuwahi kumwita kwa jina tangu tuoane. Akawa anachambua uzi uliotoka kwenye gunia. Aliposema tena sauti ilikuwa ndogo.

"Mwaka mzima watu wanakuja kibandani kwangu wanauliza, mama yupo? Mimi nipo pale, wananiuliza mama yupo. Unajua inavyokuwa?"

Nilijua. Wallahi, hakuna aliyejua kuliko mimi. Lakini mimi nilipokuwa nasalimiwa wa pili sikumharibia mtu kazi yake.

Wiki iliyofuata aliniletea karatasi, na doti ya kitenge juu yake. Ilikuwa orodha ya vifaa vya maguta sita, ameiandika kwa mkono wake ili kikundi kiagize. Jina lake lilikuwa juu, na chini yake, fundi mkuu. "Ipitie tu," akasema.

Nikaipitia. Kwenye sensa ya kupima umeme ya kila guta alikuwa ameandika ampea hamsini. Guta lenye magunia sita likipanda hula zaidi ya mia. Sensa ya hamsini ingefika mwisho wake ikanyamaza, kontrola ingedhani mambo shwari huku inaungua, na guta lingeachia mzigo wote urudi nyuma mteremkoni. Ningeiacha ilivyo, na kabla ya mwisho wa msimu Isansa nzima ingejua fundi ni nani.

Nilikaa na ile kalamu. Nisidanganye, nilitaka kuiacha. Nilitaka sana. Twaibu alikuwa mlangoni anavaa viatu, dereva anapiga honi nje, na Mama Marta alikuwa amesema guta la kwanza atalipanda yeye.

Nikakata hamsini, nikaandika mia na hamsini. Mara sita.

"Imekaa sawa?" akauliza.

"Imekaa sawa."

Akaikunja bila kutazama nilichobadilisha, akaitia mfukoni, akaenda Isansa kuitwa fundi.