Saini ya Tarehe Mbili Machi

"Soma mwenyewe, mama," alisema Dishon, karani wa usajili, akilisukuma jalada juu ya meza. "Jalada la kampuni ni la umma. Hafichwi mtu."

Kuluthum alifunua uso. Alikuwa ametoka eda siku ya tatu tu. Shemeji yake, Obeid, alimletea habari kuwa kiwanda cha chapa cha Kisauni hakimhusu tena: marehemu mumewe, Mahfudh, alimwachia nduguye hisa zake zote. Kuluthum hakubishana. Alivuka daraja kuja kisiwani, aone kwa macho yake.

Kusoma hakukumpa taabu. Kwa miaka sita, tangu macho ya Mahfudh yalipoanza kufifia, yeye ndiye aliyepanga herufi za risasi kiwandani, moja moja, kinyumenyume.

Ukurasa wa kwanza: wenye hisa, Mahfudh na Obeid, nusu kwa nusu. Wa mwisho: hati ya kuhamisha hisa. Chini yake saini ya Mahfudh, na tarehe, 2 Machi 1961.

Kidole chake kiliganda hapo.

"Mume wangu tulimzika tarehe tisa Februari."

Dishon aliitazama hati, akamtazama yeye. "Cheti cha kifo unacho?"

"Ninacho."

"Nitakupa nakala yenye muhuri, uipeleke mahakamani. Mimi nililetewa karatasi tu, mama. Aliyetia saini sikumwona."

Njiani, kila hatua ilimzidishia hasira. Kumbe ndiyo maana Obeid alikuwa hachoki kumwambia, "Tulia ndani, shemeji, usijisumbue." Yeye akimlilia mume, mwenziwe akimwibia.

Obeid alimpokea mlangoni mwa kiwanda. "Shemeji! Mbona hukuniarifu?"

"Ulimfukua lini?"

"Nani?"

"Ndugu yako. Ulimfukua lini, Obeid, ukamshikisha kalamu?"

Absalom, fundi wa mashine, aliondoa mguu kwenye kanyagio. Gurudumu likazunguka peke yake, likasimama.

Obeid aliiona nakala mkononi mwa Kuluthum. Sauti ikamshuka. "Tuyazungumze nyumbani. Haya ni ya ukoo. Usituaibishe mbele ya watu."

"Aibu umeiandikisha wewe, serikalini. Wallahi, sina pa kuificha."

Alimpita, akaenda kwenye kasha la herufi. Vidole havikukosea. Alipanga mistari mitatu tu: jina la Mahfudh, siku aliyozikwa, siku aliyotia saini. Hakuongeza hata tusi moja, ingawa matusi yalimjaa kinywani.

"Absalom!" Obeid alifoka. "Usiiguse mashine hiyo!"

Absalom alisogea kando, akafumbata mikono kifuani. Hakuigusa, wala hakumzuia mtu. Kuluthum akazifunga herufi kwenye mashine, akakunja buibui, akakanyaga mwenyewe. Mashine ikaguna, ikakubali.

Karatasi za mwanzo alizitandaza kizingitini, wino ukiwa mbichi. Obeid aliinama kuziokota, kisha akasita: watu walikuwa wanatazama.

Muuza mbaazi mmoja alitua beseni lake, akaokota moja. Akaigeuza huku na huku, asiweze kuisoma, akamwita mwenziwe ng'ambo ya barabara aje amsomee.