Nyumba Imara ya Kenyenya

Osoro wa Ekerenyo alimtuma dada yake Nyanchama akakague boma la kijana aliyetaka kumwoa binti yake Gesare. Alimpa maagizo mawili: ahakikishe nyumba ni imara, na asithubutu kutaja kifafa cha binti. Lakini Gesare mwenyewe alimsindikiza shangazi yake hadi mwisho wa shamba la chai, akamsihi amwambie kijana ukweli. Nyanchama hakukubali wala hakukataa.

Njia nzima hadi Kenyenya alikuwa akilitafuna neno lile. Imara. Kanisani kila Sabato waumini huombewa wawe imara katika imani, na wote huitikia amina. Lakini nyumba? Mtu huangalia nini hasa? Mabati? Msingi nao umeshafukiwa, nani ataufukua? Nyanchama alikuwa mdadisi tangu utotoni, na swali likimwingia kichwani halimpi raha.

Basi alipofika hakungoja chai. Alizigonga kuta za matofali kwa vifundo vya vidole, akaisukuma milango, akachungulia darini, huku mama yake kijana akimfuata nyuma na tabasamu la shida. Sebuleni palikuwa na kalenda kubwa iliyotundikwa chini mno, utadhani ni ya kusomwa na watoto. Nyanchama akaifunua. Nyuma yake ufa ulishuka kutoka pembe ya dirisha, umekatwakatwa na vistari vya penseli, kila kimoja na mwezi wake.

Mama mtu akainamisha uso. Anyona, kijana mwenyewe, muuza mbolea pale sokoni, akaja akaitoa kalenda kabisa.

"Mama ameficha sababu ya mgeni," akasema. "Hizo laini nachora mimi, nijue kama hii ufa inaongezeka. Fundi anasema nyumba ni imara. Mimi bado sijui, ndio maana sijapiga plasta."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa. Huyu kakataa kuziba kabla hajaujua ufa wenyewe. Aibu ilimpanda Nyanchama, kwa ajili ya kaka yake na kwa ajili yake mwenyewe, maana naye alikuwa amekuja na kalenda yake.

Akasema yote: kwamba Gesare ana kifafa, anameza dawa, lakini mara mojamoja huanguka, kwamba baba amekataza lisisemwe, na binti ameomba lisemwe. Kisha akachukua mkoba wake, akijua posa imekufa.

Anyona akamvutia kiti.

"Kaa, mama," akasema. "Akianguka, mimi nafanya nini?"