Mafundo ya Talib

Mume wangu Talib alikuwa mpishi kwenye meli ya Bwana Pelham, mzee wa Kiingereza aliyemaliza umri wake kutembea kwenye barafu ya kusini ya dunia. Sisi tulikimbilia London baada ya Mapinduzi, na kazi za meli ndizo alizozijua. Safari ile niliichukia tangu mwanzo. Meli ilikuwa kuukuu, ilivuja, na injini ilizimika kabla hata hawajaiona barafu. Talib alicheka tu. Alisema mzee anakwenda kuaga, tumwache aage.

Nahodha alinipigia simu nyumbani Ilford. Nilielewa nusu. Bwana Pelham amefariki, moyo. Kisha bomba la mvuke limepasuka, na Talib naye amefariki. Mzee aliusia azikwe baharini. Mume wangu ataletwa kwangu. Nilimshukuru, sijui kwa nini.

Jeneza lilipofika tulilipeleka msikitini, kwenye chumba cha kuoshea maiti. Kaka yangu Shaame alitaka waoshe wanaume. Nikamwambia mke ana haki ya kumwosha mumewe, na hilo yeye alilijua kabla yangu. Akanipa kopo la maji.

Alikuwa ndani ya shuka nyeupe, kafungwa kichwani, kiunoni na miguuni. Nilipata faraja kidogo: hata huko kwenye barafu palikuwa na mtu anayejua. Nikashika fundo la miguuni. Lilikuwa la kuvuta mara moja tu, ncha yake imechomekwa chini upande wa kushoto. Hivyo ndivyo mifuko yote ya unga jikoni kwangu ilivyofungwa.

"Shaame," nikasema, "haya mafundo kafunga Talib."

"Suad, dada yangu, kaa kidogo."

"Kafunga mwenyewe."

"Maiti hajifungi sanda."

Nilijua. Ndiyo maana mikono ilikataa kuendelea. Kwa muda niliamini kwamba yumo mle, na pia kwamba amesimama pale pale niliposimama mimi, kanitangulia kazi. Shaame ndiye aliyefungua kichwani. Zikatokea ndevu nyekundu zenye mvi, za Mzungu.

Baharia aliyesindikiza jeneza alikuwa nje anavuta sigara. Alitueleza kwa shida. Mzee alipokufa hakuna aliyejua la kumfanyia, basi Talib akamwosha na kumfunga kama wanavyofungwa watu wa kwao. Talib alipokufa hakubaki wa kumfunga, wakamshona kwenye turubai. Meli ikashindwa kabisa, maiti wakahamishiwa meli nyingine. Wa huko wakaona shuka nyeupe, wakasema huyu ndiye Mwislamu, apelekwe kwao. Yule wa kwenye turubai wakamshusha majini, kwa bendera na nyimbo za kanisani.

Niliuliza wapi. Hakujua vizuri.

Jioni Shaame na wenzake walimsalia Talib sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo. Mimi bado sikujua nimlilie nani kwanza.

Kesho yake mtoto wa Bwana Pelham alikuja kumchukua baba yake. Alisema wosia asingeuweza, bahari imeshamchosha. Atamlaza mzee kijijini, kando ya mkewe. Nikamwomba asiitoe ile shuka, na wakishamshusha kaburini wafungue mafundo.

Akauliza kwa nini.

"Ndivyo tunavyofanya," nikamwambia, nikamwonyesha ncha ya kuvuta.