Sofa Kwenye Mafuriko

Kwa miaka ishirini na miwili Muhonja alikuwa akiandika majina ya watu wengine. Ukipita mtaa wa Kware, kule ghorofa zinakosongamana mpaka jua linaomba njia, nusu ya mabango unayoyasoma ni mkono wake: Bucha ya Upendo, Saluni ya Mama Wawili, Kinyozi Safi. Jina lake mwenyewe hakuwahi kuliandika popote, maana ni nani atagharamia bango la kueleza mchoraji anaitwaje? Kwa hivyo siku alipomaliza mchoro wake wa kwanza mkubwa, ule ambao haukuagizwa na mtu, alichukua brashi nyembamba kuliko zote akaandika pembeni, polepole, MUHONJA. Na jina hilo hilo ndilo lililomtia mashakani. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, lakini huyu maskini hata juu hakuwa amefika.

Tuanze na mandazi, kwa sababu kesi yote ilianzia hapo. Truphena, anayekaanga mandazi mkabala na kibanda cha Muhonja, huwafungia wateja kwa magazeti ya zamani. Asubuhi moja Muhonja alimaliza kula, akakunjua karatasi aitupe, akakuta picha. Mwanamke yumo ndani ya maji ya mafuriko, maji yamemfika mapajani, beseni kichwani, kuku juu ya beseni, na mdomo umeachama kwa kicheko ambacho ungeapa unakisikia. Maneno ya chini ya picha yalikuwa yameliwa na mafuta. Muhonja aliibana ile karatasi kwa kibanio cha nguo kwenye kamba ya mlangoni, pale jua la asubuhi linapopenya, na kwa miezi miwili, kila alipomaliza mabango ya watu, alikaa akachora kile alichokiona.

Alichokiona kilikuwa pamoja na sofa. Nyuma ya yule mwanamke, ikielea juu ya maji ya kahawia, palikuwa na sofa nzima ya maua mekundu, imetulia kama iliyo sebuleni ikingoja wageni. Truphena alipouona mchoro umekamilika alivuka barabara na kijiko chake cha mafuta mkononi, akasimama mbele yake.

"Mama Job, hiyo sofa ndiyo inaniua," alimwambia Muhonja, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mtu amepoteza kila kitu, na sofa inamfuata tu nyuma kama mbwa wake."

Mchoro ukachaguliwa. Ukumbi wa mtaa ulikuwa unaandaa maonyesho ya wasanii wa Eastlands, na Mitchelle, binti mwenye miwani mikubwa aliyeyasimamia, aliupenda hata akauweka kwenye tangazo lililozunguka kwenye simu za watu. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi saa sita. Muhonja aliwaambia wateja wake wote, akashonesha gauni, na usingizi ukamhama kwa furaha. Alitaka kitu kimoja tu maishani mwake mwaka huo: aone jina lake kwenye ukuta usiouza nyama.

Jumatano simu ikalia. "Anti," Mitchelle alisema kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa, "kuna mzee hapa ukumbini. Anasema picha ni yake."

Muhonja alifika akihema, karatasi ya mandazi imo ndani ya mkoba kama ushahidi, ingawa ushahidi wa nini hata yeye hakujua. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi mbele ya mchoro, miguu ameitanua, amevaa kizibao chenye mifuko isiyohesabika. Aliitwa Sylvance Omolo na alikuwa amewapigia magazeti picha tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hakupandisha sauti. Alitoa picha ndani ya bahasha ya kaki, akaiegemeza kando ya mchoro, akaketi tena.

Hapakuwa na la kubisha. Kuku ni yule yule, na hata kandambili iliyokatika, iliyofungwa kwa waya na kushikwa mkononi, ilikuwa ile ile. Muhonja alikuwa amebanwa, na kama ujuavyo, mtu akibanwa hivyo ndipo ulimi huwa mkali.

"Hii nimechora na mkono wangu," alisema. "Miezi miwili. Wewe hukuweka hata kidole."

"Kidole nilikiweka kwa kamera, mama. Nilisimama kwa hayo maji mpaka kiunoni. Kiatu changu kimoja hakijarudi mpaka leo."

"Kasuku niliyembuni mimi kwa bango la saluni ameigwa mtaa wote wa Pipeline na watu ambao hata siwajui. Umeniona nikishtaki mtu?"

"Basi ungeshtaki," Omolo alisema. "Mimi nimechoka kunyamaza. Hii picha nimeiona kwa fulana za kampeni. Nimeiona kwa karatasi ya mganga mmoja, ati huyu mama anacheka kwa sababu amerudishiwa bwana. Hao wote sijawapata hata mmoja. Wewe nimekupata kwa sababu umeandika jina."

"Kwa hivyo kosa langu ni kuandika jina langu?"

"Kosa lako ni kutoandika langu."

Mitchelle aliingilia kati, na alichosema kiliuma zaidi kwa kuwa alikisema kwa upole. Mzee hakuwa mwajiriwa wa gazeti. Gazeti lilinunua ruhusa ya kuichapa ile picha mara moja tu, na hakimiliki ikabaki kwake. Na Muhonja alikuwa ametia sahihi fomu inayosema kazi yote ni yake, haikutoka kwa mwingine. Mzee asipoandika kwamba amekubali, Jumamosi huo ukuta utabaki na msumari mtupu.

Muhonja aliketi. Gauni lilikuwa tayari kwa fundi. Aliwafikiria watu wa bucha watakaokuja kuona msumari.

Omolo naye, badala ya kuondoka na ushindi wake, alikuwa amesogea karibu na mchoro, pua karibu iguse rangi. "Lakini hebu niambie," alisema. "Hii sofa umeitoa wapi?"

"Si kwako?"

"Kwangu wapi? Kwa picha yangu hakuna sofa."

"Mzee, usinifanye mtoto. Iko hapo, ni ya maua. Mimi siongezi vitu." Akafungua mkoba kwa hasira, akatoa ile karatasi, akaibamiza mezani kwa kiganja. "Haya, angalia mwenyewe."

Wakaangalia wote watatu. Mwanamke yupo, na beseni lipo, na kuku yupo. Sofa hakuna. Muhonja aliigeuza karatasi huku na huku, akaipapasa, akaiinua juu akielekea dirishani ili aione vizuri. Jua likaingia kwa nyuma, na hapo hapo, katikati ya doa la mafuta ya Truphena, sofa ikajitokeza na maua yake yote.

Mitchelle ndiye aliyegeuza ukurasa. Upande wa pili palikuwa na tangazo la duka la samani.

Miezi miwili mizima mtu amechora mafuriko ya mtaa wa Mukuru pamoja na sofa ya tangazo, iliyopenyezwa na mafuta ya mandazi, na hakushuku kitu. Omolo alianza kucheka puani, kisha kifuani, kisha akalazimika kushika meza. Mitchelle alivua miwani ajipanguse. Muhonja alijitahidi kubaki na hasira yake, kwa sababu ilikuwa hasira nzuri na alikuwa ameipandisha kutoka mbali, lakini ikamponyoka, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

"Sasa mnaona," alisema alipopata pumzi. "Kitu changu kiko. Sofa ni yangu."

"Sofa haikuokoi, anti," Mitchelle alisema. "Bado hayo mengine ni yake."

"Sofa ni yake kabisa," Omolo alisema kwa taadhima ya hakimu. "Mimi siidai, na mwenye duka hawezi kuitambua, maana mama huyu ameyachora maua kwa mkono wake." Akakohoa, akatulia. "Mama, sikuja kukuharibia. Magazeti huandika jina langu chini ya picha kwa herufi za sisimizi, halafu watu wanafungia mandazi. Niandike. Niandike vizuri, watu wasome."

"Majina ndiyo kazi yangu," Muhonja alisema. "Nimeandika bucha, nitashindwa na wewe?"

Wangepeana mikono yakaisha. Lakini Muhonja alikuwa ameishi na ule uso miezi miwili. Alilijua kila jino, na pengo moja la kushoto. "Na huyu je?" aliuliza. "Sisi wawili tunagombania maziwa, na mwenye ng'ombe hajaulizwa. Anaitwa nani?"

Omolo aligeuza picha yake. Nyuma, kwa penseli, palikuwa na jina na namba ya simu: Awiti. "Gazeti liliandika mkazi wa Mukuru kwa Njenga, analia kwa uchungu," alisema.

"Analia wapi? Nimechora meno yote hayo."

"Niliwaambia. Hawakusikia." Akaishika ile simu yake kana kwamba ina moto. "Akikataa, mama, mimi pia sitatia sahihi. Hiyo lazima ujue."

Muhonja alijua. Alisema sawa, na moyo wake ukamwambia kwamba ni mjinga. Omolo akapiga simu, na Awiti akasema atajibu Jumamosi, akishajiona mwenyewe.

Jumamosi saa tano na nusu ukumbi ulikuwa umejaa, watu wa bucha wako mstari wa mbele, Truphena ameleta ndoo ya mandazi, na mchoro umefunikwa kwa leso ya Muhonja. Mwenyewe alisimama kando ya mchoro na gauni jipya. Omolo alikuwa na kalamu mfukoni na fomu ya ruhusa bado haijatiwa sahihi.

Awiti alikuja kwa miguu kutoka Kwa Njenga, pamoja na wanawake wanane wa kikundi chake cha kanisa, wote vitambaa vyeupe kichwani. Alikuwa mdogo kuliko Muhonja alivyomchora. Pengo la kushoto lilikuwa mahali pake. Alisalimia mmoja mmoja, mkono kwa mkono, kisha akasimama mbele ya leso.

"Fungua," alisema.

Muhonja akafungua. Awiti alijitazama kuanzia majini, akapanda taratibu mpaka kwa kuku. "Huyu alikuwa ameninyea kwa sikio," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa nacheka. Halafu gazeti likasema nalia." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye sofa, na hapo yakakwama.

Muhonja aliona hivyo, akasema moyoni, basi, imekwisha, nimemdhihaki mwenzangu mbele ya watu.

Awiti akawageukia wale wanawake wanane. "Haya," alisema. "Niliwaambia nini?"

"Awiti," mmoja wao alisema, mkono kidevuni, "si ile sofa?"

"Miaka miwili mnanicheka. Maji yamebeba sofa yangu, nawaambia, nyinyi mnasema Awiti na stuli yake moja, sofa ilitoka wapi. Sasa mzee wa kamera aliiona. Mchoraji ameiona. Si hiyo hapo?"

Wanawake walisogea, wakainama, wakaichunguza. Yule mkubwa wao alitikisa kichwa kwa majuto ya kweli. "Kumbe ilikuwa ya maua," alisema. "Utusamehe, dada."

Sasa Omolo ni mtu wa habari. Maisha yake yote amepigania kwamba picha iseme kilichokuwepo, na pale aliona uongo unavishwa nguo ya Jumapili mbele ya macho yake. Alifungua mdomo. Muhonja akamkanyaga mguu, ule ule uliopotezewa kiatu.

"Mzee," alimnong'oneza, "wewe mwenyewe ulisema sofa ni yangu."

"Nilisema, lakini..."

"Basi nampa nimtakaye."

Omolo alimtazama, akamtazama Awiti aliyekuwa sasa akiwaeleza wenzake jinsi sofa ilivyokuwa laini, akafunga mdomo. Kisha akatoa kalamu, akaiweka fomu juu ya ndoo ya mandazi, akatia sahihi.

Awiti naye alikubali, kwa sharti asiitwe tena mkazi. Kwa hivyo Muhonja aliagiza rangi na kadi kubwa, akapiga magoti pale pale na gauni lake jipya, akaandika kwa mkono ulioandika Kware nzima: AWITI NA SOFA YAKE. Chini yake: Picha ya Sylvance Omolo. Chini yake: Mchoro wa Muhonja. Alipima herufi kwa rula zilingane, la sivyo wangeanza tena kugombana. Watu wa bucha walipiga makofi kana kwamba ni wao walioandikwa.

Baadaye, mandazi yakipita na wanawake wa Kwa Njenga wakiimba, Omolo alimsimamisha Awiti mbele ya mchoro na kuinua kamera. Muhonja alisimama nyuma ya bega la mzee, jicho moja limefumbwa kama fundi anayepima.

"Hiyo nayo nitaichora," alisema.

"Kuuliza si ujinga," Omolo alisema bila kushusha kamera. "Utaomba ruhusa."

"Kwa nani?"

"Kwangu," Awiti alijibu, shingo imenyooka, akitazama kamera. "Na safari hii nataka na meza."