Nyoka Kwanza

Mama Nyoka alikuwa amechoka, na si ule uchovu ambao mtu analala na kuamka umekwisha. Ulikuwa uchovu wa miaka kumi na tisa ya kuinama. Kila asubuhi aliingia kwenye jengo la wanyama watambaao, akavaa mabuti ya mpira, akashusha pumzi mbele ya kioo kirefu ambacho wafanyakazi wote wa ile bustani ya wanyama walikiita Kinamasi.

Nyuma ya kioo kulikuwa na maji ya kahawia yanayofika kiunoni, magugu, magogo, na ukingo mkavu chini ya taa ya joto, maana hata nyoka wa maji asipopata pa kujikausha ngozi humtoka malengelenge. Nyoka walikuwa sita. Waliishi pamoja na kobe wa maji, vyura na samaki, na kusema kweli hapakuwa na mpangaji humo asiyemmezea mate jirani yake. Amani yao ilikuwa shibe tu, na shibe yenyewe ililetwa na mwanamke mmoja mwenye mgongo mbovu.

Mwanamke huyo alikuwa ameomba likizo mara tatu. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi tisa, katika mji ulio mwendo wa siku nzima. Uzazi wa kwanza mtoto hakuishi, na saa ile mama mtu alikuwa hapa hapa, mikono imezama kwenye pampu iliyoziba. Safari hii alitaka awepo, basi. Lakini kila alipoomba, mkuu wa bustani alimjibu yale yale: "Ukienda, Kinamasi namwachia nani?"

Mwishowe wakaelewana. Bwana Ndege, mtunza ndege wa jengo la pili, mtu mwema ila mdomo wake hauna breki, angefundishwa kazi kwa siku kumi. Siku ya kumi mkuu angekuja kutazama mwenyewe. Akiridhika, angetia sahihi karatasi ya likizo.

Siku hiyo ilimkuta Mama Nyoka yuko hoi. Binti alikuwa amempigia simu alfajiri kusema kiuno kimeanza kumkata. Mama akajikaza, akaja kazini, akapanga ndoo zake sita sakafuni.

Sheria ya kulisha aliitunga yeye, akaiandika kwa mkono wake na kuibandika ukutani: nyoka kwanza. Unawatoa mmoja mmoja, kila mmoja anakula peke yake ndani ya ndoo yenye kifuniko. Wakimaliza, ndipo kobe wanamwagiwa samaki wao majini. Harufu ya samaki waliokufa ikishaingia majini, nyoka hawachagui tena, wanauma chochote kinachojongea.

Mkuu alisimama nje ya kioo, mikono mfukoni. Kobe mkubwa akaja ukingoni kudoea, kama kawaida yake. Mama Nyoka, mawazo yote yako kwa mwanawe, akachukua sahani ya kobe na kuimwaga majini.

Alijua alichofanya kabla sahani haijamtoka mkononi. Maji yalichafuka. Nyoka walitoka chini ya magogo wote kwa pamoja, na wawili wakamdaka samaki mmoja: jike nene kichwani, dume dogo mkiani. Nyoka akishauma hajui kuachia. Jike likawa linameza na kusogea, na baada ya samaki kilichofuata kilikuwa kichwa cha mwenzake.

"Mama wee, anamla!" Bwana Ndege alipiga kelele. "Anamla mwenziwe!"

Mama Nyoka alishatumbukia. Alichomoa mkasi kwenye aproni, akatia kidole katikati ya ile midomo miwili, akamkata samaki pale palipobaki upana wa kidole. Dume likazunguka na kumng'ata kifundo cha mkono, kisha likammwagia uvundo wao ule usiotoka kwa sabuni. Hakuliachia. Akalitia kwenye ndoo, akalifuata jike, halafu wale wanne wengine. Nyoka wale hawana sumu, ila damu ilimtiririka hadi kiwikoni.

Mkuu akapiga makofi. "Sijawahi kuona kazi kama hii!"

"Mimi ningebaki kupiga kelele tu, mkuu," Bwana Ndege akasema kwa moyo mweupe kabisa. "Huyu mama hana mfano!"

Mkuu akaikunja ile karatasi ya likizo na kuirudisha mfukoni. "Umesikia mwenyewe, mama. Mtu kama wewe nitamwachaje aondoke? Vumilia miezi miwili, halafu tutaona."

Aibu ni kwamba sifa zile zilimnogea. Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Angeweza kunyamaza akavishwa kilemba chake.

"Mkuu, hebu soma pale ukutani. Namba moja nimeandika nini?"

Mkuu akasogea. "Nyoka kwanza."

"Nimeanza na kobe. Mimi niliyeandika. Bwana Ndege siku tisa hakukosea hata mara moja. Nimechoka, mkuu. Nikibaki, ipo siku mkasi utachelewa."

Mkuu alimtazama mama yule kuanzia mabuti hadi kwenye damu.

"Hili lazima liandikwe. Litakuwa onyo kwenye faili lako."

"Liandike."

Moyoni alitamani abembelezwe kidogo, aambiwe kosa moja si kitu. Hakubembelezwa. Mkuu alitia sahihi karatasi ya likizo juu ya kifuniko cha ndoo, upesi upesi, na wepesi ule ulimuuma Mama Nyoka kuliko meno ya dume.

Alimpigia binti akiwa nje mlangoni, kitambaa mkononi.

"Wamenipa ruhusa, mwanangu. Nakuja."

"Hata ile mara ya kwanza ulisema hivyo, mama."

Mama Nyoka hakujitetea. Angejitetea kwa lipi?

"Usikate simu," alisema. "Nisikilize nikitembea."

Akavuka uwanja, akapita geti bila kuaga mtu, ananuka nyoka, simu sikioni, akimtajia mwanawe kila kona anayokata mpaka akafika stendi na kupanda basi.