Logi ya Tarehe Tatu

Mama Stoo aliingia chumba cha seva bila kubisha, akavuta kiti.

"Mwanangu, hili dude lako si linaandika kila kitu? Nitolee ya tarehe tatu."

Siku hiyo oda ya glavu za hospitali nzima ilifutwa kwa jina lake. Leo, tarehe kumi na tisa, wodi zimeishiwa, na meneja amempa hadi saa nane mchana ajieleze au akabidhi funguo. Mama Stoo anasema tarehe tatu alishinda ghala la pili. Logi, yaani faili ambamo seva hujiandikia kila tukio, ingeonyesha oda ilifutwa kwenye kompyuta ipi.

Nilifungua folda. Logi kongwe kuliko zote ilikuwa ya tarehe kumi na tatu.

"Haipo," nilisema. "Mfumo hufuta za zamani."

"Hata za juzijuzi? Usahaulifu kama wa marehemu mume wangu!" Alicheka kidogo. "Haya, asante kwa kujaribu, mwanangu."

Alipotoka, nilifungua faili la mipangilio. Mwezi uliopita diski ilijaa. Kuomba diski mpya kulitaka fomu tatu, kwa hiyo nilipunguza muda wa kutunza logi kutoka siku tisini hadi saba. Kanuni kwamba anayebadili chochote aandike jina, tarehe na sababu niliiweka mimi. Niliwahi kumfokea mwenzangu mbele za watu kwa kuisahau. Juu ya ile saba palikuwa na mstari wangu: "Kwa muda tu. Nitarudisha Jumatatu."

Jumatatu tano zilikuwa zimepita.

Nilichomwambia kilikuwa kweli, neno kwa neno. Mfumo hufuta. Niliusoma tena mstari ule wa Jumatatu mara kadhaa, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufutia. Kisha nikauchapisha.

Saa nane kasoro dakika tano Mama Stoo alikuwa amesimama mbele ya meneja, funguo tayari mezani. Niliweka karatasi yenye mstari ule kando ya funguo.

"Logi ya siku hiyo ilifutika kwa sababu yangu."

Meneja alisoma mara mbili. "Kwa hiyo hatujui nani alifuta oda."

"Hatujui. Na hatutajua."

Alizisukuma funguo kwa Mama Stoo. "Rudi kazini." Akanigeukia. "Wewe baki."

Mama Stoo alizichukua, akainama juu ya karatasi, akaisoma polepole.

"Jumatatu ipi, fundi?" aliuliza.